Shadi wa Nne

Kwa miaka mitatu Masika alikwenda baharini bila mumewe, na miaka yote mitatu mumewe hakuacha kulalamika. Ezéchiel alikuwa fundi cherehani. Alishonea ghorofa ya pili ya jengo moja la Joubert Park, Johannesburg, ambalo lifti yake ilikufa zamani, na wateja wake walipanda ngazi wakihema. Hakuelewa kwa nini mke wa mtu, mama wa binti mkubwa, mlinzi anayesimama getini kwa saa kumi na mbili kwenye maghala ya Midrand, achukue siku zake chache za likizo akazimalizie juu ya mawe, mikono inanuka sadini.

"Mama Falonne," alikuwa akimwambia, "samaki iko kwa duka. Iko ndani ya friji, imelala, inakungojea."

Masika alicheka tu. Alizaliwa Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edouard, na baba yake alikuwa mvuvi, lakini kule wanawake hawakupanda mtumbwi. Walingoja ufukweni na visu na mabeseni. Alipofika Johannesburg, mwenye miaka ishirini na saba, alikuwa amepasua samaki wasiohesabika na hajawahi kumvua hata mmoja.

Aliyemfundisha alikuwa mzee Jumbe, mtu wa Tanga, jirani yao wa mlango wa tatu, ambaye alishona mabegi na kutengeneza miavuli karibu na Park Station. Jumapili moja Masika alimkuta kwenye ngazi akihangaika na fimbo ya kuvulia iliyokuwa ndefu kuliko mlango. Akamsaidia kuipitisha, akauliza maswali mawili matatu, na Jumapili iliyofuata wakawa wote wawili kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala aliyoyalinda Masika. Mzee alifunga chubwi tupu, kile kipande cha risasi cha kuzamishia chambo, mwishoni mwa mshipi, bila ndoana, akaweka tairi kuukuu mbali kule, akasema, "Piga pale."

Chubwi ilianguka kila mahali isipokuwa pale.

"Usitumie nguvu, binti yangu," Jumbe alisema. "Fimbo ndiyo inayofanya kazi. Wewe ielekeze, halafu iache."

Ilimchukua miezi sita. Siku alipoigonga tairi mara tatu mfululizo, mzee alimpeleka posta kukata leseni ya uvuvi, na Desemba ile wakaenda pwani ya kusini mwa Durban kumtafuta shadi. Huyo ni samaki wa urefu wa mkono hivi, ubavu wa fedha, meno kama wembe, anayetembea kwa makundi na kuuma kwa hasira. Oktoba na Novemba sheria inakataza kumvua. Baada ya hapo kila mtu anaruhusiwa wanne kwa siku, basi. Masika alimpenda samaki huyo kuanzia wa kwanza, labda kwa sababu hakukubali kufa kirahisi.

Januari iliyopita Ezéchiel akasema naye atakwenda.

Masika alishangaa, lakini hakuuliza. Alijua. Kanisani watu walikuwa wameanza kusema: mke wa fundi anakwenda wapi na yule mzee Mwislamu, siku tatu, na bwana yuko nyumbani anakula mkate? Ezéchiel hakuwa mtu wa wivu. Alikuwa mtu asiyependa kusemwa.

Walisafiri Ijumaa asubuhi katika gari la Jumbe, Corolla ya zamani iliyochemka mara moja kabla ya milima. Ezéchiel alikaa nyuma na fimbo zikimpita begani. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, vya ngozi, soli laini kama sahani.

"Ulikosa vingine?" Masika akamwuliza.

"Ndivyo niko navyo."

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri walikuwa tayari juu ya mwamba. Hewa ilikuwa nzito, haina upepo, na jua lilipotoka halikusubiri: kufikia saa mbili jiwe lilikuwa linaunguza makalio, na jasho lilimwingia Masika machoni kila alipoinama kufunga chambo. Lakini shadi walikuwapo. Ndege walikuwa wakijitupa majini umbali wa mita sitini, na maji chini yao yalichemka. Jumbe alipata wawili. Masika akapata wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ezéchiel, aliyekaa juu kivulini mwa mwavuli, alianza kusimama kila fimbo ilipopinda, na alipomwona yule wa tatu akirukaruka juu ya jiwe alicheka kwa sauti, kicheko ambacho mkewe hakuwa amekisikia siku nyingi.

"Kumbe iko na nguvu hivi!"

"Njoo karibu uone," Masika akamwambia.

Akashuka. Jumbe alimtazama viatu, akasema, "Bwana Ezéchiel, hapa kuna sharti moja. Usiipe bahari mgongo. Na maji yanajaa, usishuke chini ya pale palipolowa."

"Nimesikia, mzee."

Ndoo yao ilikuwa hapo, ndoo nyeupe ya rangi ya lita ishirini yenye kifuniko. Ndani waliweka mkate, maji ya kunywa, simu za Masika na mumewe, na ufunguo wa gari. Kama saa tatu hivi shadi wa nne alimeza chambo cha Masika. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake. Fimbo ilipinda mpaka kishikio kikambana tumboni, na Masika akawa haoni kitu kingine duniani isipokuwa pale mshipi ulipoingia majini. Ndipo wimbi moja lilipokuja juu kuliko yaliyotangulia. Halikuwa kubwa la kutisha. Lililowesha miguu yao tu, likarudi, na liliporudi likaiangusha ndoo, ikaanza kuviringika kuelekea kwenye ukingo wa mwamba.

Masika aliiona kwa pembe ya jicho.

"Ndoo!" alipiga kelele. "Papa Falonne, shika ndoo!"

Ezéchiel akakimbia. Akashuka hatua mbili, tatu, akaikamata ile ndoo kwa mpini, akainua kichwa kumwonyesha mkewe kwamba ameipata. Mgongo aliupa bahari. Wimbi la pili lilimfika kiunoni. Soli zile za ngozi hazikushika chochote. Hakupiga hata kelele. Masika alisikia tu ndoo ikigonga jiwe, mara moja, na alipotazama tena pale mahali palikuwa patupu.

Kisha kichwa kikatokea, upande wa pili wa povu. Alikuwa ameikumbatia ndoo kwa mikono yote miwili. Kifuniko kilishika, ikaelea. Ezéchiel hakujua kuogelea hata kidogo. Alizaliwa Lubumbashi na maji makubwa aliyoyajua ni ya mvua. Mkondo ulikuwa ukimvuta kutoka kwenye mwamba, taratibu, kama mtu anayevuta kiti.

"Usiiache!" Masika alimwita. "Usiiache ndoo!"

Mzee Jumbe alikuwa amekwisha kutupa fimbo yake. Simu yake ilikuwa mfukoni. Aliipiga namba ya waokoaji huku akikimbia juu ya mawe, mtu wa miaka sitini na mitatu, kuelekea kwenye nguzo njiani ambako limetundikwa boya la pinki kwa ajili ya ajali kama hizi. Ni mbali, mita mia na ushee. Masika alibaki peke yake na fimbo mkononi, na samaki bado yumo, anavuta.

Alifikiri kuruka. Alijua kuogelea kidogo, kuogelea kwa ziwani. Alifikiri pia kwamba wakizama wote wawili, binti yao Falonne atapigiwa simu na mtu asiyemjua. Akageuka, akapiga magoti juu ya jiwe, akatoa kisu.

Alikata mshipi, shadi akaenda na ndoana zote. Kisu kilimchubua kidole gumba. Katika mfuko alitafuta chubwi, akapata ya kwanza, ndogo mno, akaitupa, akapata nyingine. Fundo analolifunga kila siku bila kutazama lilimkatalia mara mbili. La tatu likakaza. Aliposimama na kugeukia maji, Ezéchiel alikuwa mita arobaini nje, na ndoo ilikuwa imezama nusu. Kifuniko kilikuwa kinavuja.

Chubwi ile ni gramu mia na hamsini za risasi. Ikimpata mtu kichwani, imemuua. Ilibidi ianguke ng'ambo yake, na mshipi umwangukie yeye. Masika alirusha. Upepo mdogo ulikuwa umeanza, ukaupeleka mshipi kushoto, mbali, ukaanguka mahali ambapo hata mwogeleaji asingeufikia. Akauzungusha haraka, rili ya kukunjia mshipi ikilia, huku akimwambia kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua, "Niko hapa. Niko hapa. Niangalie."

Hakuangalia. Uso wake ulikuwa umeinama juu ya ndoo.

Akarusha tena. Alielekeza, akaacha. Chubwi ilipita juu ya kichwa cha mumewe, ikatumbukia kama mita kumi ng'ambo yake, na mshipi ukashuka polepole hewani mpaka ukalala begani mwake.

"Shika! Iko begani! Papa Falonne, begani!"

Mkono mmoja ukaiacha ndoo. Ukapapasa, ukakosa. Ukapapasa tena. Masika akahisi uzito kwenye fimbo, uzito wa mtu.

Mshipi wa kuvulia hauwezi kumvuta mtu kupita kwenye mawimbi. Angejaribu ungekatika, na hata usingekatika, mwamba ungempasua. Jumbe alipofika, boya mkononi, hana pumzi ya kusema, Masika alimwonyesha mshipi kwa kidevu. Mzee alielewa. Masika aliulegeza mshipi, mzee akaufunga katikati kwenye kamba ya boya, akalitupa lile boya majini mbele yao.

"Vuta!" wakampigia kelele wote wawili. "Vuta mshipi! Boya inakuja!"

Ezéchiel akavuta. Alivuta kwa mkono mmoja na meno, akizungushia mshipi kwenye mpini wa ndoo, na kila alipovuta nukta ile ya pinki ilisogea, ikarudi, ikasogea. Wimbi lilimfunika. Alipotokea ndoo haikuwapo tena, na Masika alisikia mdomo wake mwenyewe ukitoa sauti. Lakini boya lilikuwa pale, na mkono ulikuwa juu yake, kisha mkono wa pili.

Halafu ilikuwa kungoja. Mkondo ulimpeleka kaskazini, na Masika akamfuata juu ya mawe akiuachia mshipi, kidogo kidogo, akiona chuma cha rili kikianza kuonekana chini ya mizunguko iliyobaki. Jua lilipiga. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa chumvi. Mshipi ulikwisha, ukakaza, ukakatika kwa mlio mdogo kama wa uzi unaokatwa na meno. Baada ya hapo hakuwa na kitu cha kushika. Walingoja dakika kumi na tisa, Jumbe alimwambia baadaye, kwa saa yake. Boti ya mpira ikatokea ikipitia mgongoni mwa mawimbi, watu wawili ndani, na mmoja wao akainama akamshika Ezéchiel kwa kwapa.

Hospitalini walimweka siku mbili kwa sababu ya maji kwenye mapafu. Mshipi ulikuwa umemkata viganja mpaka ndani. Walimshona yeye ambaye kazi yake ni kushona. Siku ya pili, Masika akiwa anamlisha uji, alisema bila kumtazama:

"Nilikuona. Uligeuka ukanipa mgongo. Nikasema basi, huyu ameniacha."

Masika aliweka kijiko chini.

"Nilikuwa ninatoa ndoana. Ningekurushia ile, ingekuingia usoni."

"Kule majini mtu hajui," Ezéchiel akasema.

"Najua." Kisha Masika akasema lile alilokuwa nalo moyoni tangu Jumamosi. "Papa Falonne, ni mimi nilikutuma. Nilisema shika ndoo. Nilikuwa na samaki, sikufikiri."

"Nilisikia."

Ezéchiel akafungua mdomo apewe uji.

Jumbe alilala siku mbili katika chumba cha wageni akingoja mtu amletee ufunguo wa akiba kutoka Johannesburg, na hakulalamika. Wakarudi wote watatu, bila shadi hata mmoja. Wale watano waliokuwa juu ya mwamba walichukuliwa na ndege.

Jumapili ya tatu, Ezéchiel alisimama kanisani, mikono imefungwa bendeji, akatoa ushuhuda. Alisema Mungu alimtumia boya. Waumini wakapiga makofi. Masika alikaa kwenye benchi lake akisubiri sehemu yake, haikuja, na nyumbani alifungua mabomba kwa nguvu na kufunga kabati kwa nguvu mpaka mumewe akaja akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Ningesema ni wewe," alisema, "ningelia mbele ya watu."

"Ungelia."

"Nitasema. Nipe muda."

Alisema mwezi wa tatu, si kanisani bali kwenye meza yake ya kushonea, kwa mteja mmoja aliyekuja kupunguza suruali na aliyekuwa ameanza kuuliza habari za mzee Mwislamu. Masika alikuwa ndani, nyuma ya pazia, akapitwa na mwanzo, lakini akasikia Ezéchiel akieleza, polepole, kama anayepima kitambaa, jinsi mtu anavyorusha risasi kupita kichwa cha mtu mwingine bila kumgusa, na kwamba si kila mwanaume angeweza. Mteja akaulizia bei.

Tangu siku ile Masika hajarudi baharini. Si kwamba amekatazwa. Mara mbili amepanga na Jumbe, na mara mbili, usiku wa kuamkia safari, amekosa usingizi na kumwambia mzee aende peke yake. Mzee hamlaumu. Ezéchiel, kwa upande wake, amejiandikisha kwenye bwawa la manispaa, darasa la watu wazima, kila Jumamosi saa nne. Ana miaka hamsini na mbili na ndiye mkubwa kuliko wote mle. Mpaka sasa anaweza kuelea chali, akihesabu kwa sauti, na akifika thelathini anasimama na kumtafuta mkewe kwenye viti vya pembeni kuona kama ametazama.