Ulimi wa Mwosha Maiti

Domina hakuwahi kuona kinyaa mbele ya maiti. Aliosha wanawake waliovimba, wenye vidonda vilivyooza, waliokaa wakisubiri ndugu watoke Dar mpaka harufu ikatangulia mlangoni, na hakukunja pua hata siku moja. Kinyaa chake kilikuwa kwa walio hai. Akimsikia mtu anamchafua mwenzake, alitema mate pembeni hapohapo, awe mzee wa kanisa, awe nani. Watu wa Kilosa walisema ana gubu. Wacha waseme.

Kwao ni Vidunda, mlimani, kwenye mashamba ya maharage ambako hata mbuzi huteleza. Alishuka Kilosa kwa ndoa, akaolewa na mjukuu wa kuli wa reli, akazaa, akafiwa na mume, akabaki na shamba lake la mahindi na ile kazi ambayo hakuna anayeiomba. Alifundishwa na Bibi Angela, mwosha maiti wa kanisa lao kabla yake. Bibi yule alimpa sheria moja tu: ulichokiona chumbani kizike kabla ya marehemu. Usiseme baya, usiseme zuri.

"Hata zuri, bibi?" Domina aliuliza.

"Hata zuri. Ukimsifu mmoja, yule usiyemsifu watasema kulikuwa na kitu."

Domina aliishika sheria hiyo miaka yote, mpaka alipokufa Loveth.

Loveth alikuwa binti wa jirani yake Magdalena, mjane. Alifanya kazi ya kudeki na kutandika vitanda kwenye hoteli moja ya wageni huko Mikumi. Alirudi nyumbani ameisha, macho ya njano kama binzari, tumbo limejaa maji. Hospitali walisema ini. Wakamtoa yale maji, tumbo likapungua, lakini binti hakupona. Hiyo ndiyo habari yote, na ingekuwa imeishia hapo kama si Rebeka kumwona akishuka kwenye bodaboda na tumbo lake.

Rebeka ndiye mwenyekiti wa Umoja wa Mama. Kila Alhamisi anafundisha wenzake somo la moyo safi, mkono kifuani, sauti inatetemeka, machozi yako karibu. Ukimsikiliza utasema huyu kesho anapaa. Sasa mngoje atoke nje ya mlango.

"Mmemwona mtoto wa Magdalena? Mikumi ile ya madereva wa malori, mnadhani alikuwa anatandika vitanda tu?"

Loveth alipofariki, habari ikapata mkia: katoa mimba. Magdalena akatembeza karatasi za hospitali kama mtu anayeuza karanga, anaonyesha huyu, anaonyesha yule. Rebeka akazitazama, akamshika bega, akasema kwa huruma, ndiyo, kwa huruma, "Pole, mama. Ila karatasi siku hizi si zinanunuliwa?" Ptuu! Afadhali nyoka, yeye hakusomei zaburi kabla hajakuuma.

Maneno hayo hayakuwa ya kuudhi tu. Kanisa lao lilikuwa na desturi kwamba aliyekufa katika dhambi ya wazi haingizwi kanisani. Anaombewa nyumbani kwa haraka haraka, halafu makaburini. Magdalena alikuwa amefagia kanisa lile tangu usichana wake, na sasa alikuwa na ombi moja tu duniani: mwanangu aingie.

Asubuhi ya mazishi Domina alikuwa chumbani anamwosha Loveth, taratibu, anamsemesha kama mtu anavyomsemesha mtoto aliyelala. Mlango ukafunguliwa. Rebeka huyo, na wenzake wawili nyuma.

"Tumekuja kukusaidia, dada."

Kusaidia na nini? Hawakuwa na taulo wala kipande cha sabuni. Walikuja na macho, na macho yote yalikwenda tumboni kwa marehemu. Rebeka akashika pindo la kanga iliyomfunika, akaanza kuinua. Alikuwa anahema kwa mdomo, midomo imelowa, kama mtu aliyefunuliwa sufuria la nyama. Domina funza amewaona, usaha ameushika kwa mikono yake, lakini jicho la namna ile lilimfanya atamani kutapika.

"Achia."

"Nataka tu kuona kama..."

Domina akachota maji kwenye beseni, yale yale ya kuoshea maiti, akainua kata. "Achia kanga, Rebeka, ama nakumwagia uende nayo ibadani."

Wakatoka wakisukumana.

Naye alichokiona Domina kilikuwa nini? Mbavu. Miguu iliyovimba. Mwili wa binti uliokondeshwa na ugonjwa, basi. Na hata kingekuwapo kingine, yeye si daktari wala si polisi. Akamvisha gauni jeupe, akamfunga kitambaa kichwani, akatoka.

Nje, chini ya turubai, wazee wa kanisa walikuwa wamekaa kikao. Kasisi alikuwa njiani na pikipiki akitokea Zombo, ameacha neno kwamba wamalize jambo hilo kabla hajafika. Mzee Boniface, katibu wao, akasimama, akakohoa.

"Mama Domina, pole na kazi. Kuna maneno yanazunguka, unayajua. Wewe ndiye uliyemwona marehemu. Ukisema yu safi, jeneza linaingia kanisani. Ukinyamaza, basi tutaelewa."

"Mtaelewa nini?"

"Tutaelewa, mama."

Magdalena akajitupa chini, akamshika Domina miguu. "Dada yangu, sema! Neno moja tu. Wewe umemwona mwanangu."

Kwa Domina neno lenyewe lilikuwa jepesi: hakuna kitu. Lakini akilisema leo, kesho akifa binti wa mwingine watamwita tena hapa, na siku asiposema, huyo binti kaisha. Atakuwa amewapa hawa watu fimbo ya kuwachapia marehemu mpaka mwisho wa dunia. Na asiposema leo, kaisha Loveth. Akawatazama wamekaa na Biblia zao mapajani, wanangoja kulishwa.

"Haya, leo nasema," akaanza. "Ila siwezi kumsema mmoja. Nikifungua mdomo, nafungua kwa wote niliowaosha. Nianze na nani? Na mkeo wa kwanza, Mzee Boniface? Ama na mama yake Rebeka?"

Mzee Boniface akakaa bila kuambiwa. Rebeka uso ulimshuka.

"Mama yangu anahusikaje hapa?"

"Nilimwosha mimi. Si ulikuwa mlangoni unalia?"

"Jamani," Rebeka akasema upesi, "kwa nini tunamchosha marehemu? Mtoto aingie kanisani, yaishe."

"Naam, aingie, aingie," akadakia Mzee Boniface. "Sisi ni nani hata tuhukumu?"

Sisi ni nani! Watu wazima ovyo! Punde tu kabla ya hapo walikuwa wanajua vizuri sana wao ni nani. Na lililomchefua Domina kuliko yote si woga wao. Mke huyo wa Boniface alikuwa mwanamke mwema, hana doa. Mama yake Rebeka alikuwa bikizee aliyekufa usingizini. Angalau mmoja wao angesimama aseme, "Mseme mama yangu, mseme mke wangu, mimi namjua!" Hakuna aliyethubutu. Uchafu uliokuwa ndani yao uliwaambia palepale kwamba lazima kulikuwa na kitu.

Basi Loveth akaingia kanisani. Magdalena alitembea nyuma ya jeneza kama mtu aliyerudishiwa pumzi. Na kwenye nyimbo, sauti ya nani ilikuwa juu kuliko zote? Usiniulize.

Makaburini, watu walipoanza kutawanyika, Rebeka alimfuata Domina akamvuta pembeni. Machozi ya safari hii hayakuwa ya Alhamisi.

"Dada Domina. Mama yangu. Uliona nini?"

Sheria ya Bibi Angela ilimruhusu Domina kunyamaza, tena ilimwamuru. Lakini kulikuwa na utamu. Aliusikia ukimpanda kooni, utamu wa kumwacha mwanamke huyu alale na swali lake, aamke nalo, azeeke nalo. Akaujua ulikotoka, na akajionea kinyaa mwenyewe kuliko alivyowahi kumwonea mtu. Akatema mate chini.

"Sikuona kitu, Rebeka," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvunja sheria ile. "Mama yako alikuwa safi. Nenda nyumbani ukapumzike."

Rebeka akamkazia macho, akamchunguza uso kipande kwa kipande, kisha akatikisa kichwa.

"Unanificha," akasema. "Mungu wangu, mama! Kumbe kweli kulikuwa na kitu."