Bendera za Povu

Pwaa! Mlio wa nguo mbichi ikibamizwa kwenye jiwe: hiyo ndiyo sauti ya kwanza dobi huyu anayoikumbuka duniani, kabla ya sauti ya mtu yeyote. Mama yake alikuwa akifua, naye yuko mgongoni, akirushwa juu kwa kila pigo. Jiwe akalirithi. Ulimi akajitafutia mwenyewe. Mji mzima unamwita Povu, na si kwa ajili ya sabuni peke yake.

Sikukuu ya taifa inapokaribia ndipo povu la maneno humtoka hasa. Gari la halmashauri linapita na kipaza sauti kutangaza kwamba kila duka litundike bendera safi au lilipe faini, na hapo uzalendo unakurupuka mji mzima, tongotongo bado machoni. Watu wanaleta bendera zimesokotwa ndani ya mifuko ya plastiki, wanazibwaga juu ya meza yake ya kupigia pasi.

"Usiniangushe, fundi!"

Povu huzifunua kwa ncha za vidole. Ya muuza nyama inanuka shahamu. Mwaka mzima imefunika gogo la kukatia. Ya mwenye duka la dawa ilikuwa pazia la choo, na kamba yake bado imo.

"Wapenda nchi hao," alimwambia dada yake aliyekuwa akimwaga maji machafu. "Wakiipenda kidogo zaidi wataipigia deki."

"Fua, baba. Hukuitwa kuhukumu."

"Nafua. Mikono ndiyo iliyo majini, si mdomo."

Bendera ya mwenyekiti wa kamati ya sherehe ililetwa na dereva, imelazwa mikononi kama mgonjwa. Ilikuwa kubwa, nzito, ya kutundikwa mbele ya jukwaa, nayo ilikuwa imejaa madoa ya mchuzi na miduara ya vikombe vya chai.

"Hii imehudhuria vikao vingi kuliko mwenyewe," Povu alisema, akaitumbukiza. Kuikataa hawezi. Kazi ya kufua shuka za nyumba ya wageni ya halmashauri iko mkononi mwa mwenyekiti, na shuka hizo ndizo zinazoilisha nyumba hii.

Chumba cha ndani alilala mama yao. Tangu mvua zianze, nyonga ilikuwa ikimtafuna. Hapati usingizi mchana wala usiku, analia taratibu kama anayeona haya. Mablanketi yote mawili yalikuwa kwenye kamba chini ya kibaraza, yamefuliwa, yamegoma kukauka. Asubuhi ya sikukuu dada alimkuta mama meno yanagongana kwa baridi.

Povu ndiyo kwanza alikuwa ameinua pasi ya mkaa kutoka kwenye bendera kubwa. Dada akaitazama bendera. Povu akamtazama dada.

"Usithubutu."

"Ina moto bado."

"Dada, nimeutukana mji mzima kwa jambo hilihilo!"

"Basi jitukane na wewe, umalize."

Akaikumba, akaingia nayo ndani. Povu alimfuata kwenda kuinyang'anya, lakini mama alikwisha kuivuta hadi kidevuni. Alishusha pumzi ndefu, akanyoosha mguu ambao hajaunyoosha tangu mvua, na kabla mwanawe hajaushika upindo, alikuwa akikoroma. Povu akasimama palepale, mkono hewani.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe, suti nyeusi, matope hadi kwenye kamba za viatu.

"We Povu! Wageni wamekaa, jukwaa liko uchi! Bendera yangu iko wapi?" Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti hadi akasahau kukishusha.

Povu alijiweka katikati ya mlango wa chumba. Mwenyekiti akarefusha shingo juu ya bega lake, akaona.

"Umemfunika bibi kizee? Bendera ya taifa? Itoe sasa hivi, la sivyo zile shuka zisahau! Leo hii zinahamia kwa dobi mwingine!"

Kitanda kililia. Mama aligeuza kichwa, midomo ikachezacheza, kisha kukoroma kukarudi.

Dada alifumba macho akisubiri matusi ya kaka yake. Povu alimpandisha mwenyekiti na kumshusha kwa macho, kuanzia tai hadi matope, kama anavyotazama doa lisilostahili sabuni. Kisha akamsogelea karibu kabisa, kidole mdomoni.

"Mheshimiwa," alinong'ona, "punguza sauti. Amepata usingizi."