Jina Kwenye Mlango wa Datsun

Leo nimemwonea wivu dadangu wa toka nitoke, na sioni haya kusema.

Ile Datsun kuukuu ya rafiki yangu Shikuku imemalizwa kuundwa upya, sasa ataingia rali za watu wa kawaida.

Mimi ndiye niliyeigundua kule Matungu, kuku wakitaga ndani!

Nikafika gereji Lurambi nimenyoa vizuri, tayari kuwa msoma ramani wake, yule anayekaa kando ya dereva akimwelekeza njia.

Kwenye mlango wa gari wameandika: SHIKUKU NA NEKESA.

Nekesa? Dadangu?

“Kaka, wewe unatapikanga ukisoma kitu gari ikienda,” akasema, akivaa helmeti.

Ni kweli. Lakini mbele ya mafundi wote?

Wakaondoka kuijaribu, mimi nikabaki na vumbi.

Nimetoka duka la dawa sasa hivi. Tembe za kuzuia kutapika ziko.

Nekesa, ukisoma hapa, ujue nimenunua.