Ushindi wa Mzinga

Fundi makochi hakuwahi kumkumbatia rafiki yake hata siku moja. Walichojua wao ni mieleka. Tangu wavue sare, miaka ishirini na sita iliyopita, kila Jumamosi mchana fundi huyu, ambaye mtaa mzima humwita Koplo, husogeza makochi ya wateja ukutani, akatandika sponji mbili katikati ya karakana, akamsubiri Mzinga. Mzinga alipewa jina hilo jeshini kwa ajili ya sauti yake. Akikusalimia ghafla, unaweza kulala kifudifudi.

Jumamosi hii Koplo alitandika sponji tatu.

Siku mbili nyuma, binti wa Mzinga alikuja karakana peke yake. Akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa.

"Baba mdogo, daktari anasema ini limekwisha. Mwezi, labda miwili. Yeye tumemwambia ni vidonda vya tumbo. Nakuomba asijue. Akijua ataacha kula."

Koplo akamwapia. Siri ya askari huzikwa naye, alisema, na palepale akajutia neno lile.

Sasa Mzinga aliingia ameshikwa mkono na binti huyo huyo.

"Wewe raia! Bado unashona mito tu?"

"Njoo uone mto utakaolalia leo."

"Sponji tatu! Unaogopa kuvunjika nyonga, eh?"

"Uzee, ndugu yangu."

Binti akacheka kidogo, akaenda kuwanunulia soda ng'ambo ya barabara.

Wakashikana. Mgongo uliokuwa mpana kama mlango sasa ulihesabika mbavu, moja baada ya nyingine, chini ya shati. Koplo alilegeza vidole.

"Mbona unanishika kama yai?" Mzinga alihema. "Kaza, bwana!"

Kisha akapiga ngwala yake ileile ya siku zote. Mguu ulikuwa ufito. Koplo angeweza kusimama pale mpaka jioni. Badala yake aliachia magoti, akaenda chini chali, Mzinga juu yake, mwepesi kama koti.

Mzinga hakushangilia.

Kule kambini, mieleka ya jioni ilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Anayekwenda doria alfajiri habwagwi. Unamwachia ashinde, aondoke na furaha yake. Hakuna aliyemwambia sababu, lakini kila aliyeachiwa alielewa, akaenda kimya kuandika barua nyumbani. Wao wawili walikuwa wamewaachia wengi, na baadhi yao hawakurudi. Ndiyo maana hawakuwahi kuachiana wao kwa wao. Lakini mwili wa Koplo ulijua njia hiyo moja tu ya kuhurumia, na ulikuwa umekwishasema.

"Koplo." Sauti ilikuwa ndogo. "Naondoka lini?"

"Unakwenda wapi wewe? Umeshinda kihalali."

"Ngwala ile haimwangushi hata kuku. Nimekuuliza, lini?"

Koplo alitazama mabati ya paa. Maishani alikuwa amemdanganya adui, mkubwa wake na mkewe. Lakini huyu aliyelala kifuani pake, hakuwahi kumdanganya.

"Mwezi. Labda miwili."

Moyo wa Mzinga ulikuwa ukigonga kwenye mbavu za mwenzake, haraka haraka.

"Mwanangu anajua?"

"Ndiye aliyeniambia. Aliniapisha."

"Masikini. Amebeba peke yake." Akamshika Koplo ukosi wa shati. "Basi asijue kwamba najua. Apa."

"Ndugu yangu, nimeshavunja kiapo kimoja."

"Apa kingine."

Koplo akaapa.

Mlango ukasukumwa. "Haya, nani kabwagwa?" aliuliza binti, chupa tatu mikononi.

"Mimi," alisema Koplo kutoka chini. "Baba yako hana huruma."

"Mwambie!" Mzinga alinguruma, na vioo vya dirisha vikatetemeka kama zamani. Kisha, sikioni: "Siwezi kuinuka. Ninyanyue, lakini asione."

Koplo akapitisha mkono nyuma ya kiuno chake, akajiegemeza kwenye goti, akamwinua taratibu huku akigumia na kulalamika mgongo. Binti alichokiona ni mshindi akimwinua aliyeshindwa. Akaziweka chupa chini, akapiga makofi.