Ukaguzi wa Mama Cheche

Mama Cheche hakusamehe, na mimi jirani yake wa ukuta mmoja sioni kwa nini angesamehe. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na jina hilo wateja walimpa kwa ajili ya cheche za mashine yake. Sisi tunaomjua tunasema nyingine ziko kifuani.

Binti yake wa kwanza, alipokuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Ilikuwa jikoni kwa Mama Cheche, wiki ambayo mama mkwe wake alikuwa amekuja kuwatembelea. Mtoto alilazwa, akapona, ila kifua kilibaki kinakoroma hadi leo. Sasa, mtaa mzima unajua ni nani huweka mafuta ya taa kwenye chupa za soda. Ni huyo huyo mama mkwe. Huzifunga uzi mwekundu shingoni ili zisichanganywe na za kunywa, na huringia uzi huo utadhani ni kufuli.

Lakini chupa iliyookotwa siku ile haikuwa na uzi. Mama mkwe akasimama kwenye kikao cha familia akasema, "Yangu ina uzi, hii haina. Mkwe wangu kutwa yuko na vyuma vyake, mtoto anajilea mwenyewe." Wakamwamini. Binti akachukuliwa, akalelewe na bibi yake, mtu makini! Mume, dereva wa lori, mwanamume wa kubeba magunia mawili kwa mpigo, alifyata ulimi.

Miaka ikapita. Mama Cheche akajifungua mtoto wa kiume, na alipoanza tu kutambaa, mama mkwe akaja, akatazama vyuma vilivyolala uani, akatikisa kichwa. "Huyu akiachishwa ziwa, naye aje kwangu."

"Sawa, mama," akajibu Mama Cheche, kwa upole. Ningemsikia akifoka nisingeogopa. Upole ule ulinitia baridi.

Kesho yake hakupokea kazi ya mteja. Alichukua sumaku ya spika mbovu, akaifunga kamba, akawa anaikokota uani huku na huku kama anatembeza mbuzi. Kila aliporudi ilikuwa imeota ndevu za misumari na vipande vya waya. Akachomelea mfuniko wa shimo la maji machafu, mzito, wenye bawaba. Mtungi wa gesi akaufunga mnyororo ukutani. Jiko la mkaa, lililokuwa likikaa sakafuni tangu ndoa yao, akalitengenezea meza ya chuma. Kila kona ya meza na kitanda akaizungushia mpira wa ndani wa baiskeli. Ndoo zikapata vifuniko, dawa zikapanda juu ndani ya sanduku lenye kufuli, na waya wa feni uliochubuka aliukata na kuutupa mbele ya mumewe. Kisha yeye mwenyewe akapiga magoti, akatambaa nyumba nzima, anagusa kila anachoweza kukifikia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Cheka tu, shoga," akaniambia kutoka chini ya kitanda. "Wao nitawaliza."

Alipomaliza akaita kikao kile kile. Wakaja: baba mkubwa wa mumewe, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho, shangazi wawili, na mama mkwe akiwa amepania kutafuta kasoro. Mama Cheche akawatembeza. Shangazi mmoja alijipigiza paja kwenye kona ya meza, akasubiri maumivu, hayakuja. Baba mkubwa aliinua ule mfuniko kwa mikono miwili, akahema, akaurudisha.

"Hapa hata mimi naweza kulelewa," akasema.

"Ahsante, baba mkubwa. Mmenikagua. Sasa twendeni tukakague anakolelewa binti yangu."

Mama mkwe akaruka. "Kwangu? Bila kunipa taarifa?"

"Mtoto naye hatoi taarifa, mama."

Tukaondoka wote, mume akiwemo, nami nikiwa nyuma. Sikualikwa, lakini sikukatazwa. Tulimkuta binti amekaa kwenye kizingiti, anakoroma kile kifua chake. Mama Cheche hakukagua dirisha wala kitanda. Alipiga magoti moja kwa moja jikoni, kama alivyotambaa kwake, akanyoosha mkono nyuma ya mtungi wa maji ya kunywa, akatoka na chupa ya soda. Akaifungua, akampa baba mkubwa anuse. Mzee akakunja uso.

"Mafuta ya taa," akasema. "Na uzi uko wapi?"

"Aa, uzi nao!" mama mkwe akadakia. "Huo kila siku unachomoka, nimeshachoka kuufunga."

Ulimi hauna mfupa. Shangazi wakatazamana. Baba mkubwa aliiweka chupa mezani polepole, na mume, yule bubu wetu, akasema kwa sauti iliyokatika, "Mama. Kumbe unachomoka?"

Mama mkwe akakaa chini, uso umemshuka. Mama Cheche alikuwa ameingojea sura ile miaka yote, na nakiri nami niliifurahia, tamu kama asali. Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, chukua nguo zako. Twende nyumbani."

Binti akakimbia. Lakini alikimbilia kwa bibi yake, akamng'ang'ania shingoni, akalia, "Siendi bila bibi."

Mama Cheche alimtazama mtoto aliyemzaa akijificha kwenye kifua kingine. Nilidhani atamvuta kwa nguvu.

"Basi utakuja naye, mama," akamwambia mama mkwe. "Kitanda kipo. Utakaa kwangu, utamlea mjukuu wako mbele ya macho yangu. Na kila utakapoingia, mizigo yako nitaikagua. Kila siku. Mpaka nichoke, na mimi sichoki."

Bibi akatazama watu wote. Hakuna aliyemtetea. Akamfuta mjukuu machozi, akachukua mkoba wake, akaufungua, akaushikilia wazi mbele ya mkwe wake.

Mama Cheche akaingiza mkono, akapekua mpaka chini, taratibu, wote tukitazama.