Kuta Nne za Wanawake Wengine

Chumba cha kulala cha dada yangu kilikuwa na kuta nne za rangi nne, na hata moja hakuichagua yeye. Ukuta wa kitandani ulikuwa bluu ya mkunga mmoja. Wa mlangoni, kijani cha mke wa daktari wa meno. Wa kabatini, njano ya mama mwenye saluni. Wa dirishani, pinki ya bibi harusi aliyebadili nia ndoo ikiwa imeshafunguliwa. Mumewe, fundi rangi ambaye mtaa mzima unamwita Brashi, alikuwa akirudi na mabaki ya wateja, anapiga ukuta mmoja Jumapili, basi. Rangi ikimalizikia nyuma ya kabati, imemalizikia hapo.

"Nina wake wenza wanne," dada alikuwa akituambia huku akicheka, "na wote wananitazama nikivaa."

Alicheka hivyo miaka tisa. Naye ni fundi cherehani, mtu anayeweza kukitazama kitambaa mara moja, akaenda dukani mikono mitupu, akarudi na uzi wa rangi ileile. Jicho kama hilo unalilaza kwenye pinki ya mtu! Mimi nasema mtu aliyenyimwa kuchagua ukuta anaoamkia amenyimwa kitu kikubwa, na asije yeyote kuniambia hayo ni mambo madogo.

Kicheko kilikatika siku alipopeleka mapazia kwa mama mwenye duka la dawa. Alimkuta Brashi kapiga goti sebuleni, kapaka mabaka matatu ya kujaribia rangi ukutani, na mwenye nyumba kasimama kidole mdomoni.

"Usikimbilie, mama," Brashi alikuwa akisema. "Iangalie asubuhi, iangalie mchana, jioni taa ikiwaka uiangalie tena. Rangi utaishi nayo wewe, siyo mimi."

Dada hakuwahi kuisikia sauti ile. Alitundika mapazia ya watu yakiwa ndani nje, akaondoka bila kugusa maji aliyowekewa.

"Angekuwa anamtongoza ningejua la kufanya," aliniambia, mkasi mkononi, akikata kitambaa kama anakikomoa. "Wala hakuwa anamtazama! Alikuwa anamsikiliza. Mimi hajanisikiliza hivyo hata siku aliyokuja kunichumbia. Kumbe upole anao, ila anautunzia ukuta wa mwenzangu."

Siku hiyohiyo mezani alimwambia mumewe anataka chumba kipakwe.

"Hilo tu?" Brashi alisema, tonge mkononi. "Kesho kutwa nitakuwa na nusu ndoo ya yule mama wa dawa. Tutaifunika hiyo pinki."

"Umeniuliza kama naipenda?"

"Rangi ya maana ile. Watu wanaililia."

"Nimekuuliza, umeniuliza?"

"Mama watoto, ukuta ni ukuta. Nipe chumvi."

Alimpa chumvi. Asubuhi yake akamwita Taratibu.

Taratibu ni fundi rangi mwingine, na Brashi hawezi kulisikia jina lake akamaliza chai. Ana wateja watatu waliokuwa wa Brashi. Alipofika mlangoni alisita, kofia mkononi.

"Shemeji, mimi nipake nyumbani kwa Brashi? Si atanimwagia tindikali?"

"Atakumwagia wivu tu, hauunguzi. Ingia."

Aliingia, dada na jirani aliyemwita awe shahidi wamesimama mlangoni. Akazitazama kuta zote nne, asicheke. Akauliza, "Wewe mwenyewe unapenda rangi gani?" Dada alitaja rangi tatu huku akilia. Ikabidi jirani amletee kiti.

Jioni Brashi alirudi akakuta mabaka matatu kwenye ukuta wa dirishani, kingo zake zimenyooka kama zimepigwa rula. Hakuhitaji kuambiwa. Aliinama, akapitisha kidole.

"Huu mkono naujua. Huyu mtu kaingia chumbani kwangu?"

"Kaingia, kaniuliza swali moja, katoka."

"Swali gani?"

Dada akamwambia. Brashi akakaa kitandani na viatu vyake.

Siku tatu hakulala vizuri. Anayatazama mabaka asubuhi, anayatazama taa ikiwaka. "Hiyo ya katikati itashika vumbi," anasema. "Sijakuuliza," anajibiwa. "Hiyo ya kulia itakuchosha macho." "Sijakuuliza." Siku ya nne hakwenda kazini. Taratibu alipofika alimkuta mwenzake kakaa juu ya ngazi yake, msasa mkononi, macho mekundu.

"Mama watoto," Brashi alisema, sauti imeshuka, ileile ya sebuleni kwa watu. "Umechagua ipi?"

"Ya kushoto. Rangi ya tofali lililolowa. Nimeitaka tangu sijaolewa."

"Niachie nikupigie mimi. Mikono mitatu ya rangi nitakupigia, siyo miwili."

Nilijua atakubali. Hakukubali.

"Atapaka aliyeniuliza kwanza," dada alisema. "Wewe toa kitanda."

Akatoa kitanda. Akatoa na kabati, peke yake, akihema. Kutwa nzima alizunguka nyuma ya Taratibu akitafuta kosa, na jioni akapata tone moja lililochuruzika nyuma ya mlango. Hadi leo kila mgeni anaonyeshwa tone hilo.

Taratibu alipokuwa anaosha brashi, dada alimuuliza chumba cha mke wake kina rangi gani.

Mwanamume akaikodolea macho ndoo. "Cha kwangu? Si unajua, shemeji. Mabaki."

Wiki iliyofuata mke wa Taratibu alikuja na nguo ya kupunguza kiuno, akaomba kuuona huo ukuta. Alisimama mbele yake muda mrefu, akaugusa, akaurudia. Dada aliutambua mtazamo ule. Ndio aliokuwa nao yeye kwa mama wa dawa.

"Nani alichagua?" mwanamke akauliza.

"Mimi."

Mgeni akauweka tena mkono ukutani.

Dada akamgeukia mumewe aliyekuwa akinoa kisu uani. "Brashi! Kesho nenda kwa huyu na makopo yako madogo ya kujaribia. Na ukifika, fungua mdomo kabla ya kopo."