Valvu Tatu Mbele ya Geti la Kiwanda

Kabla hamjaanza kucheka, niseme wazi: ndiyo, ni mimi. Ni mimi yule fundi anayesimuliwa kila baraza Ruiru, aliyemwagiwa mchanga mbele ya geti la kiwanda Thika huku mdomo ukiwa mweusi kama matako ya sufuria, na aibu ile sijawahi kuimaliza. Lakini kinachonikasirisha mpaka leo ni kwamba mnaisimulia vibaya! Wengine mnasema gari ililipuka. Haikulipuka. Wengine mnasema nilikimbia nikavuka reli. Nikimbie niende wapi, na spana zangu zote zilikuwa ndani ya buti ya gari? Basi kaeni niwaambie mwenyewe, na mtu asinikatize.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati magari ya Japani yaliyotumika yalipoanza kumiminika, na mimi nilikuwa nimemaliza miaka minane nikitengeneza magari kwa uwanja wazi pale Ruiru, jua langu, mvua yangu, mgongo juu ya gunia. Kiwanda kimoja cha kufunga matunda kwa mikebe, kule Eneo la Viwanda la Thika, kikawa kinatafuta fundi wa kudumu. Kazi ya kuandikwa, bana! Kuna paa, kuna shimo la kuingia chini ya gari, kuna ovaroli mbili na chai ya saa nne. Mke wangu Nyokabi alikuwa na mimba ya kwanza, tunaishi chumba kimoja Mwihoko, na aliposikia habari hiyo alichukua ovaroli yangu akaipiga pasi mpaka ikawa inaweza kusimama yenyewe. "Nenda ukalete hiyo kazi," akaniambia. Hakusema nikajaribu, alisema nikalete.

Mtihani ulikuwa mmoja. Gari ya meneja, saluni ya Kijapani yenye turbo, ikisimama ilikuwa inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Meneja (mtu mpole, shati jeupe, maneno machache) akanipa funguo akasema, "Fundi, ukiituliza hii kabla ya saa nane, Jumatatu unaanza." Akaniacha na dereva wake, Mzee Ramadhani, mzee wa kofia nyeupe aliyekuwa akiendesha magari ya kiwanda tangu mimi nikiwa na kamasi.

Nikafungua boneti, nikasafisha plagi, nikakaza hiki na kile, mpaka nikafika kwa kavalvu fulani kadogo, kama kidole gumba hivi, kanakokaa kwenye mpira unaotoka tumboni mwa injini kwenda mahali injini inapovuta hewa. Kazi yake ni kutoa ule mvuke wa oili unaojifungia ndani, injini iuvute iuchome. Hiyo nilijua, msinione mjinga. Nikakatoa, nikakapangusa kwa kitambaa, nikakatia mdomoni nikapuliza, hewa ikapita. Nikakageuza, nikapuliza upande wa pili. Wapi! Mashavu yalivimba, macho yakanitoka, hakuna kilichopita.

"Imeziba hii," nikasema.

Mzee Ramadhani alikuwa amesimama kando na kikombe chake cha chai. "Fundi," akasema polepole, "hiyo mimi ningeiacha vile ilivyo. Hii ni gari ya turbo."

Sasa lazima muelewe mafundi wa Ruiru tulikuwa watu gani enzi hizo. Sheria ya kwanza, dereva hamfundishi fundi. Ukimruhusu dereva aingize mdomo kwa boneti leo, kesho mtaa mzima unakufundisha kazi. Sheria ya pili, kitu usichokielewa, toa. Thamostati? Toa, hiyo ni ya nchi za baridi. Vijipira vya pembeni? Toa, ziba kwa bolti. Na magari yalitembea! (Yalichemka baadaye, lakini yalitembea.) Kwa hivyo nilimjibu mzee wa watu, tena kwa sauti, ili askari wa getini nao wasikie: "Mzee, wewe endesha. Fundi ni mimi."

Mzee akanywa chai yake.

Nikatafuta spoku ya baiskeli, nikaitia ndani ya kale kavalvu nikachokoa. Kitu kikakataa. Nikasukuma kwa nguvu, kwa hasira kabisa, na kakatoka kagololi na springi ndogo, vikaanguka kwa kokoto. Nikajiambia huo ndio uchafu wenyewe. Uchafu wa chuma kinachong'aa, jamani, hata sikujiuliza! Nikapuliza tena, pande zote zinapita kama mrija. Nikarudisha, nikawasha, mlio ukapanda kidogo, nikaushusha kwa bisibisi, na gari ikatulia tuli, ungeweza kuweka kikombe cha mzee juu ya injini na chai isimwagike.

Meneja akaja kuisikia, akatabasamu. Nawaambia alitabasamu, nilimwona kwa macho yangu, na kichwani nilikuwa nishaanza kumwambia Nyokabi. Tukaingia ndani ya gari kuijaribu, mzee kwa usukani, meneja kando yake, mimi nyuma nimekaa kama chifu. Mjini tulikwenda polepole na gari haikusema neno. Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa nimestaafu kutoka kile kiwanda. Lakini tulipofika kwa kilima, mdomo wangu ukaniwasha, nikasema, "Kanyaga, Mzee, meneja aisikie!"

Mzee akakanyaga. Turbo ikalia, gari ikaruka mbele, halafu tukasikia pu! kitu kimegonga boneti kutoka ndani. Baadaye kidogo harufu, halafu moshi, mweupe, mzito, ule wa mtu anayechoma majani mabichi.

"Ni nini hiyo?" meneja akauliza.

"Ni masizi ya zamani yanatoka," nikasema. "Yataisha sasa hivi."

Hayakuisha. Tuligeuza tukarudi tukiwa ndani ya wingu, meneja amefunika pua kwa leso, na tulipofika getini king'ora cha saa nane kilikuwa kinalia na zamu nzima ya asubuhi inatoka, mamia ya watu na aproni zao, wakasimama wote kutuangalia. Nikaruka nje, nikainua boneti. Ngai! Kile kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimechomoka chenyewe, na oili imerukia kila mahali, inaungulia kwenye chuma cha moto. Kabla sijafungua mdomo, askari wa getini (huyu sitamsamehe, nasema wazi) akaja mbio na ile ndoo nyekundu ya mchanga, akaimwaga yote. Nusu kwa injini, nusu kwangu. Mchanga! Kwa injini! Hapakuwa na moto hata wa kuwasha sigara, na yeye anamwaga mchanga kama anajenga nyumba! Nikasimama pale nimeshikwa na mchanga juu ya oili iliyokuwa kwenye ovaroli, na mdomo mweusi tangu asubuhi kwa kupulizapuliza, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameniambia.

Watu wakacheka. Na mimi nikichekwachekwa huwa napandisha hasira. Nikasema kwa nguvu, wote wasikie, kwamba kosa si langu, valvu yenyewe ilikuwa mbovu, imeziba, waniletee mpya kutoka stoo ya vipuri niwaonyeshe. Wakaleta, bado iko kwa karatasi. Nikapuliza upande mmoja, ikapita. Upande wa pili, ikakataa.

"Mnaona? Hii pia imeziba! Lete ingine!"

Wakaleta ya mwisho. Nikapuliza mpaka masikio yakalia. Ikakataa.

"Na hii! Mnauziwa takataka!"

Halafu mama mmoja wa aproni akasema, bila hata kupaza sauti, "Atiriri, hebu sikiza, fundi, valvu ni tatu na zote zimekataa. Si labda ni wewe?"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka kule mbali Ngoliba.

Mzee Ramadhani akaichukua ile valvu mkononi mwangu, taratibu, akamweleza meneja. Gari ikisimama, injini inavuta, kale kamlango kanafunguka na mvuke unatoka. Ukikanyaga, turbo inapuliza, kamlango kanajifunga ili upepo usirudi tumboni mwa injini. Fundi ametoa mlango, upepo umeingia tumboni, umetafuta pa kutokea, umesukuma kijiti. Maneno machache hivyo tu. Miaka minane kwa gunia na hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo, na huyo Mjapani aliyeitengeneza hakuweza kuandika hata mshale mmoja juu yake!

Meneja akamgeukia. "Mzee, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akasema niendeshe, fundi ni yeye."

Meneja akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniua. "Fundi, ni kweli?"

Ningesema ndiyo, meneja, ni kweli, mzee alinionya, nimekosa, nipe kesho nioshe mchanga wote kwa mikono yangu. Na labda, nasema labda, ningepata hata kazi ya kushika taa. Lakini watu wote wale walikuwa wananingoja, na yule mama wa aproni bado anacheka, na mimi nikasema, "Sikumbuki."

Mzee aliangalia chini tu, kama mtu aliyemwona mwingine akiwa uchi.

Kazi alipewa mwingine. Nyokabi aliponiona mlangoni aliweka maji jikoni ya kunioshea, na mpaka leo hajaniuliza kitu. Mnaosimulia oili na mchanga, simulieni, mchanga nilioga ukatoka. Mimi siku hizi dereva akiniambia kitu, naweka spana chini namsikiliza mpaka mwisho, hata kama anasema upuuzi, na mara nyingi anasema upuuzi.

Wiki ya pili yake nilirudi Thika, siku ya Ijumaa, nikamngoja Mzee Ramadhani nje ya msikiti mpaka akatoka. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani.

"Mzee," nikasema, "nakumbuka."

Akavaa viatu vyake, kimoja, cha pili, hana haraka.

"Najua," akasema. "Hata siku ile ulikuwa unakumbuka."